Kipande Kilichokauka Kando ya Mlango

Juzi nilikwenda kwetu Ihanja kumpelekea baba mdogo uji. Siku hizi hawezi kutafuna kitu kigumu, na wanawe wote wako Dar es Salaam, wanamtumia salamu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikakaa kwenye kigoda nikaanza kumlisha. Redio yake ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, na ndani ya redio kulikuwa na mwanamke anahojiwa. Mchoraji, walisema, mwenye picha kwenye mahoteli ya Arusha, nyingine zimevuka bahari. Mtangazaji akamuuliza siri ya mafanikio yake ni nini.

"Mimi nikianza kitu namaliza," akasema. "Ni hilo tu. Wengi wanaanza, hawamalizi."

Sauti ile naijua. Nimeijua tangu ilipokuwa inaniita kwa upande wa pili wa ua wa minyaa, ikiomba imwagiwe mlenda kidogo.

Baba mdogo akameza, akafuta kidevu. "Si yule mtoto wa jirani yetu? Wewe nawe ulikuwa unachorachora zamani. Mbona uliacha?"

Nikamtia kijiko kingine. Lakini wewe unayesoma nitakujibu. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema, nawe utanivumilia.

Nyumba yetu ilikuwa tembe, paa lake la udongo limelala sawa, refu kuzunguka uwanja wa katikati. Baba yangu alikufa mimi nikiwa sijaanza shule, baba mdogo akawa ndiye mkubwa wa nyumba. Lakini kuta zilikuwa za bibi. Kila mwaka, uwele ukishaingia ghalani na upepo ule wa baridi ukianza kuvuma, bibi alisiriba kuta upya kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, kisha akazipamba. Nyeupe aliichimba korongoni. Nyekundu ilikuwa ya kichuguu. Nyeusi aliikwangua kwenye matako ya vyungu, mama akilalamika kwamba vyungu vinatoboka. Brashi yake ilikuwa kijiti kilichotafunwa ncha. Alichora nyayo za kanga, mistari ya kwenda na kurudi, na meno madogo yaliyoshikana, na nyumba nzima ikawa inanukia ng'ombe na mvua. Nikisikia harufu hiyo hata leo, nasimama.

Sasa nikueleze kazi ile ilivyo, maana hapo ndipo penye kisa changu. Rangi ya udongo inashika ukuta ukiwa bado mbichi. Ukikauka, umekwisha. Rangi utakayopaka juu yake ni vumbi tu, kesho inakutoka viganjani. Na upepo wa kwetu unaujua, unakausha nguo ukiwa bado unazianika. Kwa hiyo bibi hakusiriba ukuta mzima. Alisiriba kipande kimoja, upana wa mikono yake ikinyooshwa, akakimaliza ndipo akasiriba kingine.

Na kwa sababu hiyo kulikuwa na desturi. Mtu akianza kipande, ungo unafunikwa chini pale mlango wa kuingilia uwanjani, mgongo juu. Ukiuona ungo umefunikwa, hapo ndani kuna mtu mwenye mkono kwenye udongo. Humwiti, humtumi, humsalimii kwa mkono. Hata mgeni aliyetoka Kiomboi kwa miguu alingoja nje akizungumza na mbuzi mpaka ungo uinuliwe.

Bibi alitufundisha wawili, mimi na yule mtoto wa jirani. Kusema kweli nisiifiche: mimi nilikuwa na mkono. Bibi mwenyewe alisema, akitutazama tunavyofanya mazoezi kwenye mchanga, "Huyu mstari wake unatembea wenyewe. Huyu mwingine mstari wake unaburutwa." Mtoto wa jirani alicheka na yeye. Alikuwa na moyo mzuri, sina neno naye.

Mwaka huo zikaja habari kwamba bwana mmoja kutoka mjini Singida anapita vijijini kutazama kuta. Alikuwa anatafuta mtoto mmoja wa kupelekwa Dodoma, kwenye chuo kidogo cha kuchora, asome bila ada. Bibi akatuweka chini. Alikuwa akisema jambo zito anahamia Kinyaturu, na siku hiyo alihamia. Akasema kila mmoja achore kipande chake, pembeni ya mlango wa mama yake, peke yake. Akaongeza, "Hata kikiwa kidogo kama kiganja, akikute umekimaliza. Nusu hataiona."

Siku ya bwana yule kuja, bibi alikwenda korongoni alfajiri kuongeza udongo mweupe. Mimi nikasiriba kipande changu. Kikubwa, maana nilijiona. Nikafunika ungo mlangoni, nikaanza juu kushuka chini. Nilichora nyayo za kanga zikizunguka jua, na jua lenyewe nikaligawa meno meupe na mekundu, sijawahi kuona mtu amefanya hivyo wala sikufundishwa. Nilikuwa siwazi kitu. Uwanjani mama alikuwa anatwanga uwele, na kijiti changu kikawa kinafuata mchi wake. Kama kuna siku nilikuwa mtu kamili duniani, ni asubuhi ile, kati ya jua na nyayo za pili.

Baba mdogo akatokea. Akauruka ungo. Ninasema akauruka, maana niliona mguu wake ukipita juu.

"Wewe, nenda barabarani dukani kaniletee tumbaku."

"Baba mdogo, nina mkono kwenye udongo."

"Mkono kwenye udongo hata kuku anao. Nenda."

Mwanawe mkubwa alikuwa amelala kivulini, kofia usoni, hana kazi. Nikamtazama mama. Mama aliacha kutwanga. Mchi ukabaki juu, ameushika kwa mikono miwili, ananitazama. Halafu akaushusha, akaendelea kutwanga.

Nilikimbia. Dukani kulikuwa na watu wazima, na mwenye duka hakumhudumia mtoto mpaka wakubwa waishe, akawapimia chumvi huku akisimuliana nao habari za mnada wa ng'ombe. Nilisimama mlangoni nikitazama miti inavyoinama kwa upepo. Kila ilipoinama nilijua ukuta wangu unafanya nini.

Niliporudi, kipande kilikuwa kimepauka. Nilipaka nyekundu, ikaanguka kama unga. Nikalowanisha kwa maji, udongo ukamomonyoka, ukaanza kula na nyayo nilizomaliza. Bibi akarudi na kapu lake kichwani, akanikuta napuliza ukuta kwa mdomo, sijui nilidhani nitaufanya nini. Akagonga kwa kidole mara moja, akasikiliza.

"Kimekufa hiki," akasema. "Aliyeruka ungo ni nani?"

Nikasema. Bibi akatua kapu, akaanza kukanda udongo mwingine, tukwangue tuanze upya. Alikuwa hajamaliza kuukanda tuliposikia gari.

Kwa jirani, mwenzangu alinisimulia baadaye, mambo yalikwenda vingine. Mama wa yule mtoto alijua ungo peke yake hautoshi kwa watu wa siku hizo. Aliweka kigoda mlangoni, akakaa, mguu ameuvusha kizingiti, mchi mapajani. Mume wake alipokuja kumtuma mtoto kisimani, alimwambia, "Maji hayakimbii. Yeye akimaliza, mimi mwenyewe nitakuchotea, nikuogeshe na mgongo." Mwanamume akacheka, akaondoka. Ni hayo tu aliyofanya yule mama.

Kipande cha binti yake kilikuwa kidogo kama sinia. Mistari ilipinda, na kanga aliyemchora alifanana na kiatu. Lakini kilikuwa na mpaka pande zote nne, kimekwisha. Bwana yule akakitazama, akapiga picha, akasogea kwetu. Mbele ya changu alisimama muda mrefu zaidi, hilo nililiona. Akanyoosha kidole pale jua linapokatikia.

"Na hiki?"

"Cha mjukuu wangu," akasema bibi. "Alitumwa."

Baba mdogo akacheka, tumbaku yangu ikiwa imeshatuna chini ya mdomo wake. "Watoto wa kike hawa, bwana. Hawatulii mahali pamoja. Wanaanza, wanaacha."

Bwana akaitikia kwa kichwa, akaandika jina la mwenzangu. Nawataja wote hapa: baba mdogo, mama na mchi wake, mwenye duka na chumvi yake, na bwana aliyetazama muda mrefu kisha akachukua neno la mwanamume mwenye tumbaku. Wengine wamekwisha kufa. Nawataja hivyo hivyo.

Bibi alikataa kipande kile kisiribwe tena. Kila mwaka alipamba nyumba yote akakiruka. "Kiacheni hapo. Akione kila akiingia." Aliishi akingoja baba mdogo akione. Akafa.

Mimi baada ya hapo nilitolewa shule nikachunge, nikaolewa, nikaachika, nikalima vitunguu vya watu, nikaugua mpaka wakanichongea jeneza, nikapona. Kuchora sikurudia. Ukuta ninao, udongo upo. Mkono ndio hauamini tena kwamba utaachwa ufike mwisho.

Kwa hiyo yule mwanamke wa kwenye redio hakudanganya. Amemaliza, na amestahili. Ila mtangazaji hakumuuliza siku ile mlangoni alikaa nani.

Uji ulipokwisha nilitoka nje. Tembe imebaki upande mmoja, anakolala baba mdogo; kwingine paa limeingia ndani, popo wamehamia. Nyumba za kijiji sasa ni za tofali na bati, wanapaka rangi ya kopo mara moja, basi. Ungo umekuwa wa plastiki, na hakuna mtoto hata mmoja anayejua kwa nini ungefunikwa mlangoni. Jirani waliuza, ua wa minyaa ulikatwa. Lakini kando ya mlango wa mama kipande changu kipo, nusu jua, mvua hazikukifikia.

Nilichota maji kwenye kopo, nikakanda udongo kidogo kiganjani. Nikaubandika pale jua linapokatikia. Ulishika kitambo, ukateleza, ukaanguka na jino moja jeupe la zamani. Nikaubandika tena, nikaushikilia kwa kiganja, nimesimama hivyo.

Ndani nikasikia kikohozi.

"Mwanangu, uko nje hapo? Hebu nenda barabarani uniangalizie tumbaku."

Mkono wangu ulikuwa bado una udongo. Niliufuta kwenye khanga, nikaenda.