Kontena Iko Wapi, Tuione

Nilimwambia mama, aliyekuwa akifunga miraa sokoni Laare, kwamba nimechoka kutafuta ukarani na sasa najifunza mambo ya kontena. Alifurahi sana. Kufikia jioni soko zima lilijua ninafungua duka ndani ya kontena kando ya barabara, na watu wakaanza kuniagiza unga na sukari.

Nikajaribu kueleza. Kontena yangu iko ndani ya kompyuta: unafunga programu pamoja na kila kitu inachohitaji, ili ifanye kazi popote itakapopelekwa, kama miraa inavyofungwa kwa majani ya mgomba ifike mbali ikiwa bado mbichi. Mjomba wangu, mwenye kontena ya chuma anamouzia simu kando ya barabara, alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyu sasa anauza hewa," akasema. Tangu siku hiyo kila nilipopita aliniita mbele ya wateja: "Kontena iko wapi, tuione?"

Nilirudi kwenye chumba changu cha kupanga mtaani Majengo, nikafungua laptop yangu kuukuu, nikakosea, nikafuta, nikaanza upya, mpaka kampuni moja ikaniajiri nitunze programu zake nikiwa humo humo chumbani.

Mwaka huu barabara inapanuliwa. Nilimkuta mjomba akitazama kontena yake ikipakiwa kwenye lori, hajui itashushwa wapi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na yako?"

"Iko kazini, mjomba. Kwani bado huioni?"