Unga Haujui Kweli

Nilipokuwa mtoto kule Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi Uganda, niliamini kwamba uongo hukausha mate. Tuliamini sote. Kitu kikipotea, au mtu akishukiwa uchawi, Mzee Kahima alileta bakuli la unga mkavu wa muhogo, na mshukiwa akatiwa kijiko kinywani mbele za watu. Akimeza, ameshinda. Akipaliwa, basi, afungashe virago kabla hajafungashiwa. Sisi watoto tulijizoeza kwa siri nyuma ya nyumba, tukikohoa hadi machozi, maana huwezi kujua lini zamu yako itafika.

Ndiyo sababu siku walipomweka bibi yangu mbele ya lile bakuli, nilijua ameshahukumiwa. Bibi hakuwa na meno, na mate yake yalikuwa ya kutafuta. Hata ugali laini aliushusha kwa maji, kila tonge na funda lake.

Kisa chenyewe kilianza na Amosi, mtoto wa askari wa kambi ya jeshi ya Mbarara. Mama yake alikuwa amefariki, akawa anakaa na mama yake mdogo, Furaha, jirani yetu. Furaha alipopata msiba Ngarama, alimwachia bibi yule mtoto, naye tayari alikuwa na homa. Kisha Furaha akamkimbilia Hamisi, mfanyabiashara wa Nyamityobora, mjini Mbarara, aliyekuwa akija kununua maharagwe kwa pikapu yake, akampigia kelele dirishani ujumbe wa kumpelekea baba wa mtoto. Injini ilikuwa inanguruma. Hamisi akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Haikupita muda pikapu ikarudi, askari akiwa ndani na bunduki yake. Hakusalimu mtu. Aliuliza tu nyumba ya bibi, na alipofika uwanjani kwetu Mzee Kahima alikuwa ameshanusa kazi, amekuja na bakuli.

"Wewe mzee," askari akamwambia bibi, "iko roga mtoto yangu. Kula hii unga, mimi naona."

Nilishika kitenge cha bibi, nikamnong'oneza, "Koko, meza tu." Nilijua hawezi. Lakini nilikuwa na hofu, na mwenye hofu hashauri vizuri.

"Siwezi kumeza," bibi alisema kwa sauti yake ya kila siku, kwa Kiswahili chetu cha Zaire. "Na hata ningeweza, singemeza. Unga haijue kweli, baba. Kinywa yangu ilikauka tangu meno ilitoka. Mukinihukumu na unga, kesho mutahukumu bazee bote."

"Kama hapana unga, nani itajua?"

"Wewe umekasirika," bibi akamjibu. "Uko na haki, kama kweli mutu aliroga mutoto yako. Mimi nilipita mipaka, niliona serikali mingi, na kila moja iko na sheria yake. Lakini sikufika fasi hata moja penye kuua mutoto ni kitu ya muzuri. Njo nakuuliza: ile sheria, nani aliiandika? Bunduki yako haikuandika. Hii bakuli haikuandika. Ule aliiandika, njo anaona. Ogopa yeye, usiogope mimi."

Mzee Kahima, ambaye hakupenda maneno marefu kuliko kijiko chake, akachota unga. Bibi akautazama, akasema, "Mimi njo mulezi yake. Tangu Furaha aende, mutoto analala mu mikono yangu."

Hamisi alikuwa ameegemea pikapu. Nilimwona akisimama wima.

"Umesema nani, mama?"

"Mulezi."

Kwetu tuliotoka Zaire, mchawi ni mulozi. Hamisi alikuwa ametuzoea vya kutosha kulijua neno hilo, na kumbe ndilo alilolisikia dirishani.

Naomba msomaji aelewe hali ya yule mtu. Furaha alikuwa mbali. Hakuna mwingine aliyesikia ujumbe ule. Biashara yake iliishi kwa kuiuzia maharagwe kambi ile ya jeshi, na miaka ile hukumchokoza askari ukawa na hakika ya kulala kwako. Angenyamaza, hakuna ambaye angemletea kijiko. Lakini alisogea mbele.

"Afande, kosa ni langu. Yule dada aliniambia mtoto mgonjwa yuko kwa mlezi, mimi nikasikia mulozi, nikakuletea habari ya mchawi. Sikuuliza mara ya pili. Wallahi, mama huyu hana hatia."

Askari alimzaba kofi, kofia ikaruka. Kisha akauliza mtoto yuko wapi. Walimpeleka Amosi Mbarara kwa pikapu ileile, bibi akiwa mbele amempakata. Ilikuwa malaria, akapona. Mzee Kahima aliurudisha unga wake guniani, maana haukuwa mwaka wa kutupa unga.

Sasa naishi Kakoba, na nina kijana anayesoma chuo kikuu. Juzi aliniambia kwamba wema na ubaya ni mazoea tu, watu wameyatunga ili waweze kuishi pamoja. Sikumkemea. Ana akili, na ni mwema kuliko wengi ninaokaa nao kanisani. Nilimweleza habari za unga. Mazoea yetu yalikuwa yale, nikamwambia, tulikubaliana sote na tulikosea sote. Lakini tulikosea kwa kipimo gani, kama hakuna kilicho juu ya makubaliano yetu? Na hiyo akili unayoitegemea, kama ni mate tu ya ubongo, yanayotoka na kukauka bila kujali kweli, kwa nini niiamini kuliko kijiko cha Mzee Kahima? Mimi naiamini kwa sababu naamini aliyetupa akili ni wa kweli.

Akacheka. "Mama, hapo nimepaliwa." Hajakubali, nami simlazimishi, bibi naye hakumlazimisha mtu.

Ila namfikiria sana Hamisi, ambaye hakuwa hata wa dini yetu, na hatua zile alizopiga kuelekea kofi lake. Zamani nilikuwa nikisema kwamba uwanja ulijaa watu, na aliyejua ukweli wa lile neno alikuwa yeye peke yake. Bibi, mpaka anaingia kaburini, alinisahihisha kila mara: walikuwa wawili, Hamisi na Ule aliiandika sheria.