Mbuzi Tuliyemla na Muuza Lori

Nakumbuka siku moja hapa Butembo tulipochinja mbuzi kwa ajili ya lori. Kwetu ndivyo ilivyo, wewe kijana unayetaka kununua gari: ukinunua gari kwa mtu wa nyumbani, mnakula pamoja, padri analinyunyizia maji ya baraka, na kuanzia hapo hakuna tena neno kati yenu. Muuzaji alikuwa Kasereka, baba wa ubatizo wa mwanangu Paluku. Nilikuwa nimeuza shamba letu la kahawa ili nilinunue lori hilo, Paluku apate kazi ya kuendesha. Sikuwa kijana, siwezi kusingizia ujana.

Mwezi haukuisha, lori likaanza kuvuta upande mmoja kwenye njia ya Eringeti. Pale Beni fundi aliosha tope chini yake, akamwita Paluku.

“Angalia hii fremu ya chini. Shasi ilishavunjikaka zamani. Balichomelea, kisha bakapaka rangi juu.”

Paluku akaja kwangu moja kwa moja.

“Papa, twende tribinali. Kungali mapema.”

“Nitamushitaki namna gani mutu mwenye tulikula naye? Tena iko baba yako wa batizo.”

“Lakini ni yeye alificha, Papa. Hapana mimi.”

Nikamwambia anyamaze. Nikaenda kwa Kasereka peke yangu, kwa adabu. Alinikaribisha kitini, akacheka.

“Ndugu yangu, nilikuuzisha kamio, hapana sanamu ya Bikira. Kamio inavunjikaka. Ngoja nivune kahawa yangu, tutaongea.”

Nikangoja. Wazee wa familia wakaketi kusikiliza neno letu, Kasereka hakuja. Wakaketi tena, akatuma salamu. Nami, ili lori lisikae bure, nikamwagiza fundi achomelee upya palepale penye ufa, na Paluku akaendelea kubeba viazi.

Shasi ilikatika kwenye mteremko, karibu na Kirumba. Paluku ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Walimtoa akiwa hai, lakini mguu wa kulia ulikatwa. Hospitali haikumruhusu kutoka bila kulipa, basi nikaliuza lile lori kwa wanunuzi wa vyuma. Wakalikata vipande.

Baada ya hayo yote ndipo nilipokwenda kwa wakili. Alikuwa mama mmoja kijana, alinisikiliza mpaka mwisho.

“Mzee, sheria ilikuwa upande yako,” akasema. “Kitu chenye kasoro ya kufichwa, ungeweza kukirudisha, naye akurudishie bei yote. Na kama alijua, alipe hata hasara. Lakini sheria inataka mutu mwenye kuja mbio. Wewe ulijua, ukatengeneza, ukaendelea kuitumikisha. Sasa ile shasi iko wapi? Tutaonyesha jaji nini?”

Akauliza kama fundi wa Beni angeweza kutoa ushahidi. Nikamwambia alikimbia vita, hatujui hata kama yu hai. Akafunga kalamu yake.

Paluku hanilaumu. Afadhali angenitukana. Huketi nje akitazama malori yakipita, na kila likipita mimi huingia ndani.

Kwa hiyo sikiliza, kijana wangu, ingawa sina hakika kama mashauri yangu yanamfaa mtu. Ukiona kasoro ambayo muuzaji aliificha, simamisha gari siku hiyohiyo. Usiruhusu mtu aiguse. Piga picha, leta fundi mbele ya mashahidi, mwandikie muuzaji, na ukae na nakala. Akikuzungusha, nenda mahakamani mara moja, hata kama ni ndugu. Kikao cha familia ni kizuri, lakini siku zinazopotea pale hakuna atakayekurudishia. Siwezi kukuahidi kwamba utashinda. Nimeona mahakama zetu, nimeona na barabara zetu zikifungwa na vita. Najua tu kwamba mimi sikujaribu.

Mungu akujalie ujasiri wa kumuudhi ndugu yako mapema, wakati mtoto wako angali anatembea.