Kioo cha Nusu Uso

Mimi Subira sikwenda Mtwara mjini kununua urembo, na anayesema hivyo mwambieni aje aniulize mwenyewe. Nilikwenda kununua kioo cha bafuni, kile cha kunyolea ndevu kinachokuza uso, kwa sababu nilikuwa nampoteza mume wangu huku namwona.

Mume wangu Chande ni kinyozi hapa Mikindani. Amenyoa babu, akanyoa baba, sasa ananyoa wajukuu. Lakini kinyozi hajinyoi. Tangu ujana wao alinyolewa na Twahiru, kinyozi mwenzake wa kiti cha pili. Kila Ijumaa kabla ya sala walifunga mlango wa duka wakanyoana, tena kwa mtindo wao wa kihuni: nusu kwa nusu. Huyu anamnyoa mwenzake shavu moja, kisha anakaa yeye anyolewe shavu moja, halafu wanarudia upande wa pili. Walisema hivyo hakuna atakayemkimbia mwenzake, maana nani atatoka barabarani na nusu ya ndevu? Nikawaambia nyie wehu. Wakacheka, wazee wazima na mvi zao.

Ijumaa moja Chande alikwisha kumnyoa Twahiru shavu la kulia. Akakaa yeye. Twahiru akampaka povu la sabuni, akashika kifua, akasema, "Ngoja nikanywe maji nyumbani, narudi." Hakurudi. Chande alikaa pale kitini mpaka povu likamkaukia usoni, na mtu aliyekuja kugonga mlango alileta habari ya msiba. Kwenye kuosha maiti, mume wangu aliomba ammalizie mwenzake lile shavu la kushoto. Wakubwa wakamkatalia, wakasema aachwe alivyo. Twahiru akazikwa na nusu ya ndevu.

Tangu hapo Chande hakutaka mtu amguse uso. Ndevu zikaota, nyeupe, hazina mpango. Duka likafungwa. Ikawa kutwa amekaa dirishani, chai inapoa mbele yake. Majirani walipokuja kututazama wakasema, "Ndiyo dunia, mwenzako akinyolewa, zako tia maji." Chande akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekumbushwa safari. Nilikasirika jamani! Walipoondoka nikamwambia, "Baba Zulfa, unamkalia Twahiru eda? Basi nikutafutie na kaniki ujifunike." Zamani angenirudishia maneno mawili kwa moja langu. Safari hii aliitikia kwa kichwa vilevile. Hapo ndipo nilipoogopa, maana niliona mtu huyu anajiandaa kumfuata mwenzake.

Nikapanda bajaji mpaka mjini, dukani kwa Bi Aminabai, Muhindi tunayejuana naye tangu familia yao ikiuza vitambaa hapa Mikindani. Sasa anauza vifaa vya nyumba. Alinipeleka nyuma ya duka, kwenye ukuta mzima wa vioo, na kila kioo kilikuwa na Subira wake. Mmoja kanenepa, mmoja kasinyaa, wa pembeni ananitazama kwa jicho moja. Feni ilikuwa inazunguka polepole, nikasahau kidogo mimi ni yupi.

"Hiki kinanata chenyewe, mama Zulfa," Bi Aminabai akasema. "Kina mpira nyuma, hakitaki msumari."

"Kwenye vigae vyako, bibi wee. Ukuta wangu ni mawe na chokaa ya kale. Kitaanguka kabla sijafunga mlango."

Akanipa kingine, chenye taa pembeni, kinachokuza mara kumi. Nikachungulia. Yallah! Pua yangu ina matundu kama mkate wa kumimina, na kidevuni nywele tatu ambazo hakuna mtu aliyewahi kuniambia.

"Astaghfirullah! Hiki ni kioo au mke mwenza?"

Bi Aminabai alicheka mpaka akavua miwani. Akakigeuza upande wa pili, ule usiokuza, na humo nikamwona mwanamke mzima, aliyechoka. Sikuupenda. Chande akijitazama mzima namna hii atamwona mzee anayengoja zamu yake, na huyo ndiye niliyetaka kumtoa nyumbani kwangu.

Cha tatu kilikuwa kidogo, kina mkono wa chuma unaokunjuka kutoka ukutani. Nilipokisogelea kikachukua shavu langu moja, basi. Nikageuka, likaja la pili, la kwanza likabaki nje. Nikageuka tena. Sijui nilisimama pale kwa muda gani. Nilisikia harufu ya sabuni yao, nikawasikia wakicheka nyuma ya mlango uliofungwa, na Bi Aminabai aliniita mpaka akanigusa bega.

"Hiki," nikasema.

"Kidogo hicho. Uso mzima hauenei."

"Ndiyo maana nakitaka."

Kurudi nilikitoa kwenye boksi, nikakilaza mapajani. Njia nzima nilibeba mbingu. Minazi ilipita chini chini, mawingu yakapita juu ya kanga yangu, na dereva akiongea na simu sikumsikia.

Fundi Jafari alitoboa ukuta, chokaa ikamwagika kama unga, lakini kioo kikashika. Chande alipita mbele yake kila alipokwenda kuoga, hakukitazama. Nikamhadithia habari ya zile nywele tatu ili acheke. Hakucheka.

Ijumaa asubuhi nikasikia sauti bafuni. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Jua la kidirishani lilipiga kwenye kioo, likatupa mduara wa mwanga ukutani, na mvuke wa maji ya moto ulikuwa unapita ndani yake taratibu. Chande alikuwa amejipaka povu, wembe mkononi. Alikuwa anasema, "Geuka kidogo, ndugu yangu. Hivyo hivyo. Tulia." Akalinyoa shavu la kushoto, lile lililobaki kwa Twahiru, akiangalia kila unywele. Akaosha wembe.

"Haya, Twahiru. Nimekumalizia. Nenda."

Nililia, sifichi.

Kisha akageukia shavu la kulia, mkono ukagoma. Akaniona mlangoni. "Hili siwezi, mama Zulfa. Hili lilikuwa zamu yake."

"Lete huo wembe."

"Hujawahi kumnyoa mtu wewe."

"Napara samaki kila siku ya Mungu, nitashindwa na wewe?"

Akakaa kwenye ndoo. Nikaanza, nikamkata kidogo chini ya sikio. "Umeniua!" akapiga kelele, na akacheka, cheko lake lile la dukani. Nilikuwa nimelisahau.

Nilipommaliza akainuka, akajifuta, akaniambia, "Kaa. Zamu yako."

"Mimi sina ndevu."

"Na zile tatu?"

"Thubutu!"

Akaushika mkono wangu wa kulia, akanikata kucha kwa wembe, moja moja, pole pole, ameinamisha kichwa. Alipomaliza akanyoosha mkono kuuomba wa kushoto. Nikauficha ndani ya kanga.

"Huu mpaka Ijumaa ijayo," nikasema.

Sheria hiyo aliitunga yeye na Twahiru, alijua maana yake.

"Basi," akasema, "itabidi niwepo."