Mba Wiki Tatu Kabla ya Harusi

Mwaka niliokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamili, nilikodi chumba Mashimoni, Kibera. Siku chache baada ya profesa wangu kunirudishia sura ya pili ikiwa imejaa wino mwekundu, niliona mabegani mwangu chembe nyeupe mithili ya unga wa mahindi. Nikahitimisha, kwa haraka isiyomstahili mtafiti, kwamba ngozi ya kichwa ilikuwa imekauka. Nikaipaka mafuta ya mgando. Chembe zikaongezeka; nikaongeza mafuta. Niliandika daftarini kila nilichokishuku: sabuni, baridi, saa za kulala, hata idadi ya kurasa nilizosoma. Maji sikuyashuku. Pale kwenye kioski cha maji tulipanga foleni kununua kwa debe, na kila mpangaji alijua kuosha kichwa kwa kikombe kimoja na kukisuuza kwa kingine. Ustadi huo niliuonea fahari.

Wakati huo rafiki yangu wa chuoni, binti wa Kawangware, alikuwa amenichagua kuwa mpambe wake. Wapambe wote tungesukwa mtindo mmoja na mkono mmoja, wa shangazi yake. Wiki tatu kabla ya harusi, shangazi akatuita kwao kuujaribu mtindo huo. Niliketi kigodani, kichwa katikati ya magoti yake, naye akanifungua kitambaa.

“Ngai! Wewe msomi, hapa umepanda nini?”

Wapambe wenzangu wakaangua kicheko.

“Ni ukavu tu, shangazi. Napaka mafuta kila siku.”

“Ukavu gani? Hii ni mba, na mafuta ndiyo chakula chake. Unailisha, inashiba, inazaa!” Akapitisha kidole nyuma ya sikio langu, akaninusisha. “Na hii sabuni ni ya lini?”

“Ya Jumamosi.”

“Leo ni Alhamisi, mama.”

Akakataa katakata kunisuka. “Nikisuka juu ya hii, nitaifungia ndani, halafu ujikune mbele ya padri. Nenda uoshe. Isipotulia, gauni lako atavaa binamu yake bibi harusi.”

Masharti yake yalikuwa wazi kuliko maelekezo yoyote niliyowahi kupewa chuoni. Ninunue dawa ya mba ya kuoshea nywele, niipige povu, niiache kichwani dakika tano, kisha nisuuze kwa debe zima. Mara mbili kwa wiki. Mafuta marufuku, kucha marufuku.

Nilitii, huku majirani wakinitazama nikimwaga maji.

“Debe zima kwa kichwa tu?” jirani mmoja alinitania. “Sista, kwani unaosha mawazo?”

Siku ya kusukwa ilipofika, shangazi alizitenga nywele zangu mwangani, pole pole, sehemu baada ya sehemu. Niliogopa kuliko siku ya wino mwekundu.

“Imepungua,” akasema. “Haijaisha.”

“Lakini itaisha? Ama itarudi?”

“Itarudi, si kichwa ni chako? Ikirudi utaosha tena. Kwani ukioga leo, kesho huogi?”

Mimi niliyekuwa nikitafuta sababu ya mwisho na tiba ya mwisho nikajikuta nikicheka hadi mabega yakatikisika.

“Tulia!” Akanipiga begani kwa kitana. “Mstari utapinda, na gauni ni lako sasa.”

Bibi harusi akapiga kigelegele kutoka jikoni, nami nikainamisha kichwa.