Dhambi Ambayo Kimeli Hakuitenda

Rodah Chepngeno alikuwa mwanamke wa maneno machache, na watu wa upande ule wa Kapsoit walimpenda hivyo hivyo. Alichuma chai yake, akakama ng'ombe wake, na Jumapili akaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama. Kama si macho ya mumewe, angezeeka bila mtu kujua kwamba ana ulimi.

Macho ya Kimeli yaligeuka manjano mwaka wa tisini na tano, mvua ndefu zilipoanza. Rodah alidhani ni malaria. Wazee wa kanisa hawakudhani, wao walijua. Kwa walokole wa kule, mwanamume akiwa na macho ya manjano, basi chang'aa imemla ini, na kesi imekwisha. Mzee Johnson, kiongozi wa kanisa, alimwita na kumwambia atubu. Kimeli akacheka, maana pombe hakuwahi kuionja tangu azaliwe. Kwa kicheko hicho akakalishwa benchi la nyuma, akanyimwa meza ya Bwana, na watoto wake wakaanza kuitwa watoto wa mlevi njiani kwenda shule. Watu wa Mungu nao wana haraka, jamani!

Mwili ukaanza kumwasha mpaka akawa anajikuna kwa gunzi la mahindi. Suruali zikawa zinamvuka. Mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, na choo kikawa cheupe kama udongo wa kupaka ukuta. Rodah aliyaona yote hayo kwa sababu ndiye aliyemshika mkono kwenda chooni, lakini hakumwambia mtu. Mke wa Kikipsigis hatangazi habari za choo cha mumewe. Akanyamaza, na miezi ikapita.

Walipofika hospitali ya misheni, Daktari Mogaka alichora ini kwenye karatasi, kisha mrija mwembamba unaopeleka nyongo kwenye matumbo. Akatia doa katikati ya mrija.

"Kansa imekaa hapa, mama. Kansa ya mrija wa nyongo. Ni nadra sana, hata sisi hatuioni mara nyingi. Mngekuja macho yalipoanza kubadilika, pengine tungejaribu kuitoa. Sasa imeenea."

"Ni pombe imeleta?"

"Kwani anakunywa?"

"Hapana. Hata siku moja."

"Basi nani amewaambia mambo ya pombe?"

Rodah alitoka mle amepigwa na butwaa. Hata hivyo, ndani ya huzuni ile kulikuwa na furaha kidogo iliyomtia aibu: angalau jina la mumewe lingesafishwa. Jumapili akamvalisha Kimeli koti, akamkokota hadi kanisani aeleze maneno ya daktari. Kimeli akainuka, akashikilia benchi, akasema, "Nilikunywa. Nimetubu. Nisameheni."

Kanisa likalipuka kwa haleluya. 

"Kwa nini, Baba Tecla?" alimuuliza walipofika nyumbani.

"Wacha tu, Rodah. Hawa watu hawawezi elewa hiyo maneno ya nyongo. Pombe ndio wanaelewa. Mimi nataka wanizike na wimbo."

Wakamzika na wimbo. Mzee Johnson alisimama kando ya kaburi, kofia imemshukia usoni, akawaonya vijana kuhusu ulevi na kumsifu marehemu kwa kutubu kabla mlango haujafungwa. Mjane huwa anaegemea mabega ya wanawake wenzake na kulia. Rodah akawaponyoka.

"Ngoja kwanza, mzee. Huyu hakukunywa. Aliwadanganya ndio mmzike."



"Alikuwa na kansa ya mrija wa nyongo. Shikeni hiyo jina. Mtu wako akiwa na macho ya manjano, angalia mkojo. Ikiwa nyeusi, na choo iwe nyeupe, na anajikuna bila upele, usiende kwa mganga, usiende kwa wazee wa kanisa. Enda hospitali siku hiyo hiyo! Mimi niliona choo ya mume wangu nikanyamaza kwa aibu. Nyinyi mliona macho yake mkasema ni pombe. Tulimmaliza pamoja."

Mama mkwe alijifunika uso kwa leso. Choo cha mwanamume, mbele ya kaburi lake, mbele ya wakwe!

Ndipo Phelis, mke wa Mzee Johnson, alipotoka kwenye safu ya kwaya. Alimvua mumewe kofia, akamshika kidevu kama mtoto anayenawishwa, akamgeuza uso juani.

"Baba Shirley," alisema, "na hii macho yako ya tangu wiki jana? Wewe ulikunywa wapi?"