Bata Niliyemtupa Kamsamba

Ndugu zangu wa Ujiji, mmeniuliza kwenye barua mbili kwa nini sikuja sikukuu, na nani kaniudhi hata nimekuwa kimya. Hakuna aliyeniudhi. Nilisafiri kwenda Kamsamba, kule bondeni kwenye Ziwa Rukwa, kumwomba radhi mtu niliyemkosea miaka mitatu nyuma, na nimechelewa kuwaandikia kwa sababu moyo haukunipa. Someni taratibu. Na msinitetee, maana namjua mama mdogo, hasikii baya langu bila kulitafutia kisingizio.

Mtu mwenyewe anaitwa Sikanyika. Ni mkulima wa mpunga, Mkristo, na mwindaji wa mabata mwitu ambaye sijaona mfano wake. Tulijuana siku alipoleta suruali yake kutiwa kiraka hapa kwangu Tunduma, akaiona bunduki yangu ya mitutu miwili imeegemea ukutani nyuma ya cherehani. Akasema, "Fundi, hiyo ndiyo unayopimia nguo?" Nikacheka mpaka uzi ukakatika. Tangu siku hiyo, kila kiangazi nilifunga kazi wiki nzima nikashuka kwake kuwinda.

Kuwinda bata kule kuna adabu zake, na lazima niwaeleze, msije mkadhani ni watu kwenda kupiga makelele majini. Ukifika ukingoni ukakuta mtu katangulia, unakohoa kwa mbali na kungoja akuitikie, ndipo usogee. Mwenye gobore hupiga kwanza, kwa kuwa ana nafasi moja tu na kushindilia baruti upya ni kazi. Mwenye mitutu miwili anasubiri. Ndege akianguka upande wako unamwinua juu na kuuliza ni wa nani, hata kama unajua kabisa kuwa ni wako. Aliyejeruhiwa haachwi kwenye matete ateseke, atatafutwa hata kama jua linazama.

Juu ya hizo zote, Sikanyika aliongeza moja kwa ajili yangu. Alijua sili ndege asiyechinjwa. Basi bata akianguka akiwa bado hai, awe wake au wangu, yeye ndiye aliyeingia majini mpaka kifuani, kwenye tope jeusi na ruba, akamshika kwa mikono miwili na kuniita: "Kisu! Kisu we! Roho inatoka!" Kisu ndilo jina alilonipa. Mimi hukimbia nikachinja, naye hunitukana kwa uvivu wa miguu yangu. Nikikuta bata ameshakufa, Sikanyika humweka kando kwa watu wa nyumbani kwake, na hata siku moja hakunidanganya. Miaka sita tulikula chungu kimoja namna hiyo.

Sasa kosa langu. Mwaka ule nilikwenda na wageni, wafanyabiashara watatu wa hapa Tunduma, Waislamu wenzangu, mmoja wao jirani yangu Masudi mwenye lori. Nilitaka waone mimi ni nani kule Rukwa. Kundi la kwanza lilipotokea, nikapiga kabla ya gobore. Wawili wakaanguka, mmoja akiwa bado hai. Sikanyika akateremsha gobore lake, akaingia majini. Akaniita. Mimi nilikuwa natia risasi nyingine, kundi la pili linakuja na wageni wananitazama. Akaita tena, na tena.

Alipotoka, bata alikuwa amefia mikononi mwake. Masudi akauliza, "Huyu si kibudu?" Badala ya kusema kosa ni langu, nikamgeukia Sikanyika mbele ya watu wote: "Umemnyonga njiani ili abaki wako! Sijui vingapi umeshanilisha!" Nikampokonya yule bata nikamtupa matopeni. Kule, kumtupia mwindaji ndege wake chini ni tusi kubwa kuliko kumtukania wazazi. Sikanyika akainama, akamwokota, akampangusa tope kwa kiganja, akawaaga wageni wangu mmoja mmoja kwa mkono, akaondoka.

Mwaka uliofuata niliona haya kwenda. Mwaka wa pili nikajisingizia kwamba marisau ya bunduki hayapatikani madukani, na kweli hayakupatikana, lakini mtu haendi kuomba radhi kwa marisau. Mwaka huu, mama mmoja wa Kamsamba alikuja kushonesha gauni, akaniambia Sikanyika anawinda peke yake siku hizi, na macho yameanza kumsumbua. Nilikosea kukata lile gauni mara mbili. Nikamwambia mke wangu nakwenda kabla macho ya yule bwana hayajaisha, na kwamba nataka anitukane mpaka achoke.

Alfajiri ya Jumatatu niliondoka Tunduma juu ya lori lililokuwa linafuata mpunga, nimekaa kwenye magunia matupu. Nilibeba miche miwili ya sabuni na kilo mbili za sukari, vyote nimevihangaikia ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kwa sababu huku kwetu mnajua wenyewe hali ya maduka. Kwenye kizuizi cha barabarani, mgambo mmoja aliona bunduki akataka kibali. Nikampa. Akakisoma kwa muda mrefu, akauliza, "Unakwenda kuwinda?" Nikamjibu, "Nakwenda kuwindwa." Hakucheka. Wala mimi sikucheka.

Msangano tulifika mchana, jua la utosi. Spring ya nyuma ilikuwa imekatika na dereva akaifunga kwa mipira na matusi. Nilikaa kwenye kivuli cha lori nikirudia maneno nitakayosema. Nilianza na "Ndugu yangu, shetani alinipitia," nikaona huo ni uongo, shetani hakuwepo siku ile, nilikuwepo mimi. Nikajaribu mengine. Kila nililolisema lilikuwa na mlango wa nyuma wa kutokea.

Baada ya hapo barabara inateremka bondeni, na joto linakupokea usoni kama umefunua chungu. Abiria wote tulinyamaza kwenye ule mteremko, dereva kakanyaga breki na utingo anakimbia kando na kigogo cha kuzuia gurudumu. Chini kule mashamba ya mpunga yalikuwa yameshavunwa, na mbali kabisa niliona maji yanang'aa. Zamani nikiyaona maji yale nilipiga kelele za furaha. Safari hii niligeuza uso nikatazama magunia.

Kamsamba tuliingia alasiri. Nyumba ya Sikanyika siku hizi imo kwenye safu, tangu watu walipohamishiwa vijijini, na majini ni mwendo wa saa nzima. Nikasimama mbali, nikakohoa. Nikaifungua bunduki, nikatoa risasi, nikazishika kiganjani zionekane, kama inavyotakiwa kabla ya kuukaribia mlango wa mtu.

Akatoka. Amekonda, na alikaza macho kunitazama. Nilingoja aseme, "Kisu, mbwa we, bado unaishi?" Ningempigia magoti palepale. Lakini alipiga makofi ya taratibu, yale wanayompigia mgeni mheshimiwa, akainamisha kichwa.

"Karibu sana, Bwana Fundi," alisema. "Pole na safari. Za nyumbani?"

Bwana Fundi! Nilijibu njema. Akanipokea bunduki kwa mikono miwili, akaniletea kiti chenye mgongo, yeye akakaa kigodani. Nikakabidhi sabuni na sukari, akashukuru kwa maneno mazuri. Kisha akaenda kukamata kuku, akamleta pamoja na kisu kilichonolewa, akasema, "Tafadhali, uchinje mwenyewe, upate kula kwa amani." Hakuna kilichopungua. Wallahi, sijawahi kukirimiwa vizuri hivyo wala kuumia hivyo.

Alipokwenda kuteka maji, mke wake, Mama Rozi, alibaki nami akimnyonyoa kuku. Yeye hakubadilika, aliniita shemeji kama zamani.

"Shemeji, umechelewa," alisema.

"Najua, Mama Rozi. Niliona haya."

"Mwaka ule wa kwanza alikujengea kibanda chako cha matete, kando ya chake. Kila asubuhi anasema leo Kisu atakuja. Mwaka wa pili akajenga tena, mimi nikamwambia acha, akanifokea. Huyo mtu hanifokei, shemeji. Mwaka huu hakujenga."

Manyoya ya kuku yakaendelea kuanguka miguuni pake.

Jioni, baada ya kula, nikasema. Yale maneno yote ya njiani yalinipotea, na heri yalipotea. Nikamwambia, "Sikanyika, siku ile nilikusikia. Uliniita, nikakusikia mara zote tatu. Sikuja kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Halafu nikakusingizia."

Akajipangusa macho yake mabovu kwa pindo la shati.

"Najua ulinisikia," alisema. "Mara ya pili uligeuka. Nilikuona."

"Ulijua? Na hukusema mbele ya wale watu?"

"Walikuwa wageni wako. Ningekuaibishaje mbele ya wageni wako?"

Jamani, nililia. Mtu mzima mwenye mvi nililia nikiwa nimeshika kikombe cha maji. Alinihifadhia aibu yangu miaka mitatu, na mimi nilimvua nguo kwa dakika moja. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akasema yameisha, amenisamehe tangu zamani, na kwamba kwa dini yake na yangu hakuna kinyongo. Alisema kweli. Sikumwona na kinyongo hata chembe. Nilitamani ningekiona, maana kinyongo kingekuwa angalau kitu cha kwetu wawili.

Asubuhi ya Jumanne alinipeleka majini. Kweli kibanda kilikuwa kimoja tu. Akaniambia niingie mimi.

"Na wewe?"

"Mgeni hukaa kibandani. Mimi nitakaa hapa nyuma."

"Basi upige kwanza, gobore ndilo hutangulia."

"Leo sikuja nalo, Bwana Fundi. Piga bila wasiwasi."

Mabata yakaja na kelele zao, chini chini juu ya matete. Nikampiga mmoja bawa. Kabla sijaweka bunduki chini, yule mzee alishaingia majini, anapapasa kwenye matete kwa kuwa hakuona vizuri bata alipoangukia. Nikamfuata mbio. Nikaingia na viatu vyangu, maji yakanifika kifuani, nikawa nampita upande huu na huu nikitaka bata nimshike mimi. Alinitangulia. Akanigeukia akiwa amemshika kwa mikono miwili, bata anapiga bawa moja, mzima kabisa.

Nikangoja. Nakwambieni ukweli, nilisimama katika maji yale nikiomba kimoyomoyo aniite mvivu, aniite mpumbavu, anipigie kelele kwamba roho inatoka.

"Karibu uchinje," alisema kwa upole, akageuza uso pembeni kunipa nafasi.

Nikachinja. Tukatoka, akaniwekea bata kwenye jani, akaniuliza kama naona baridi. Tulirudi nyumbani tukizungumza bei ya mbolea na mvua za mwaka huu, mazungumzo mazuri tu ambayo mtu anaweza kuzungumza na karani wa ushirika.

Jumatano lori lilipanda. Alinisindikiza mpaka linaposimama, akanipa kikapu cha mchele wa mavuno yake na yule bata aliyekaushwa kwa moshi. Nikamwambia mwakani nitakuja mapema, tujenge vibanda viwili. Akaniambia nyumba yake ni yangu, nije wakati wowote nipendao, na mgeni ni baraka. Mama Rozi aliposikia hivyo alitazama chini. Sikanyika aliniaga kwa makofi yale yale ya taratibu, akasimama hapo mpaka lori lilipoondoka, kama inavyotakiwa.

Njia nzima ya kupanda nilikipakata kile kikapu. Nilikuwa nadhani adabu ni kitu cha kupoza watu waliokosana. Kumbe inaweza pia kuwa uzio, tena mzuri, uliosukwa vizuri, na mwenye nyumba anakutabasamia kutoka ndani. Zile adabu zote za majini tulikuwa nazo tangu mwanzo, lakini kati yetu zilikuwa zimejaa matusi na vicheko, na hayo ndiyo niliyoyatupa matopeni pamoja na bata. Msamaha nimepewa wote. Rafiki sikupewa, na hakuna mahali pa kwenda kulalamika.

Tunduma niliingia usiku ukianza, na kesho yake, kabla ya kufungua kazi, nilikwenda kwa Masudi. Nilisema moyoni, angalau jina la yule mtu nilisafishe kwa watu niliolichafulia mbele yao. Nilimkuta uani anapima upepo wa magurudumu. Nikamweleza yote tangu mwanzo: kwamba yule bata alikufa kwa uzembe wangu, kwamba niliitwa nikasikia, kwamba Sikanyika hakutulisha kibudu hata siku moja.

Masudi akanisikiliza kwa adabu, mkono juu ya tairi, uso umemkunjamana kama anayetafuta kitu alichosahau dukani.

"Samahani, fundi," alisema. "Huyo Sikanyika ndiye yupi?"